Paka wa Nyumbani kwa Daktari

Kaka yangu mkubwa anauza vitanda vya hospitali, na kwa sababu hiyo ukoo mzima unamwita Daktari. Msicheke, ni kweli. Anauza vitanda, viti vya magurudumu, mikongojo, na vile vipimajoto vya kumwelekezea mtu kwenye paji la uso kama bastola. Akipeleka mzigo hospitali huvaa koti jeupe ili walinzi wasimsumbue getini, na koti hilo ndilo lililomharibu. Siku ya kwanza mlinzi alimpigia saluti, jamaa akarudi nyumbani anatembea mikono nyuma, anatuuliza mmoja mmoja kama tunapata choo vizuri. Tangu siku hiyo hajashuka huko juu.

Kwetu, basi, haugui mtu mpaka Daktari aseme anaumwa. Mtoto akikohoa, anapigiwa Daktari. Mama mjamzito akivimba miguu, anapigiwa Daktari. Ukijitia ujuaji ukaenda hospitali bila kumpigia, umemvunjia heshima, na mama yetu atakununia mpaka uombe radhi. "Mna daktari ndani ya nyumba, mnakwenda kupanga foleni kwa watoto wa watu?" Hivyo ndivyo anavyosema mama, mwanamke aliyenizaa mimi, tena kwa sauti ya fahari. Mdogo wetu, fundi wa matairi, aliwahi kushikwa na tumbo akawa anagaagaa sakafuni. Daktari akatibu kwa simu: gesi hiyo, mpeni maji ya moto. Kidole tumbo kikampasukia. Mnadhani tulimfukuza Daktari? Tulimshukuru! Eti kwa kuwa alipiga simu yake moja mgonjwa akapewa kitanda cha dirishani. Watu wengine tukinyimwa akili hatudai hata chenji.

Huyo fundi wa matairi ndiye baba yake Bosi. Bosi ni mtoto ambaye hajamaliza mwaka, mnene, mwenye meno mawili na kidole kimoja cha kuamrisha. Akikinyoosha kwenye kikombe, unaleta kikombe. Akikinyoosha mlangoni, unambeba unampeleka nje, mtu mzima na akili zako. Mama yake, wifi yangu, ni msusi, mpole kupita kiasi, wale watu ambao ukimkanyaga mguu yeye ndiye anakuomba msamaha. Mimi si mpole. Mimi ni fundi cherehani, na nimezoea kumwambia mteja usoni kwamba nguo haijapungua, yeye ndiye aliyeongezeka.

Jumamosi moja Daktari alitualika wote kwake. Ana nyumba yenye vigae vinavyong'aa hadi unaona chini ya sketi yako, kwa hiyo tunatembea pale kama tumebeba mayai. Katikati ya sebule, badala ya meza, palikuwa na kitanda cha hospitali kipya, bado kimevaa nailoni nusu. Stoo imejaa, alisema, halafu akaanza mahubiri. Kitanda hiki kichwa kinapanda, miguu inapanda, na hivi vyuma vya ubavuni unavifunga hivi, ka! "Mgonjwa hata aote anapigana vita, haanguki." Akapigapiga kile chuma cha ubavuni kama mtu anayeuza ng'ombe mnadani. Mama akaitikia kwa kichwa, amefurahi.

Sisi wanawake tukaenda jikoni, kama kawaida, maana mwaliko wa Daktari ni kwamba yeye anaalika na sisi tunapika. Wanaume wakakaa barazani wanagombana juu ya mpira. Bosi akachukuliwa na baba yake mkubwa. "Nipeni mwanangu nimpige picha," alisema, akafunga mlango wa sebule. Haukupita muda nikasikia kishindo. Nikauliza, "Nini hicho?" Mtu akasema mlango. Palikuwa kimya, halafu mtoto akalia, kilio cha ajabu, chembamba, kama kimetoka mbali.

Daktari akatokea amemlaza Bosi begani, anampigapiga mgongo. Nywele za mtoto zimelowa, kola ya shati la Daktari imelowa.

"Kaogopa paka," alisema.

"Kilio gani hicho cha paka?" nikamwuliza.

"Paka mkubwa."

Watu wakacheka. Wifi akamchukua mwanawe, akamfuta kichwa. "Mbona kalowa?" Jasho, alisema Daktari, mtoto amenenepa huyu, mpunguzieni uji. Jioni ile ile akatuma picha kwenye kundi la simu la ukoo: Bosi amesimama juu ya kitanda, amekishikilia chuma cha ubavuni kwa mikono yote miwili, amecheka meno yake yote mawili. Chini ameandika: *Usalama kwanza. Bei maelewano.* Ukoo ukamwaga mioyo na makofi, na mimi humo humo.

Jumapili Bosi akatapika. Akatapika tena. Wifi akapiga simu pale panapopigwa, na Daktari akajibu bila kumeza mate: meno hayo, mwache alale, usingizi ndiyo dawa ya mtoto. Wifi akamwacha alale. Nani angembishia Daktari, msusi?

Jumatatu asubuhi nilipita kwao kuchukua kitambaa changu. Nilimkuta wifi amekaa chini, mtoto mapajani, mume wake amesimama mlangoni na funguo za gereji mkononi, hajui aende au abaki. Bosi alikuwa amelegea kama nguo iliyokamuliwa. Nikamnyooshea kikombe. Kidole hakikunyanyuka. Macho yalikuwa wazi kidogo, hayanitazami mimi wala kikombe, na mkono wa kushoto ulikuwa unarukaruka wenyewe, unatulia, unarukaruka tena.

"Gusa hapa, wifi," aliniambia. Akauweka mkono wangu utosini mwa mtoto. Kwa kawaida pale pana kibonde laini. Sasa palikuwa pamejaa, pamekaza, pamesukumwa juu. "Mimi nashika vichwa kutwa nzima," alisema. "Hiki si kichwa chake cha juzi."

"Na bado mmekaa hapa?"

Mdogo wangu akasema, "Daktari kasema tumsubiri, anakuja na dawa. Kasema hospitali watamwambukiza magonjwa mengine."

"Daktari yupi?" nikamwuliza. "Yule muuza vitanda? Wewe ulipasukiwa na tumbo kwa simu yake, na leo unamsubiri aje ampasue mwanao? Kweli kupasuka hakufundishi!" Nilisema na mengine ambayo sitayarudia hapa, kwa kuwa mama yake ni mama yangu. Nikamfunga wifi kanga ya mtoto, nikamsukuma mlangoni, tukapakiwa na jirani kwenye gari lake la kubebea maji. Mdogo wangu akapanda nyuma na mapipa, anampigia Daktari simu kumjulisha. Angalau alipanda.

Pale hospitali alitupokea daktari wa kweli, binti ambaye ningeweza kumzaa, hana hata saa ya mkononi. Alimshika Bosi kichwa, akamulika macho, akanyoosha miguu yake, akaguna. Kisha akauliza swali moja, na maisha ya mtoto yule yakaning'inia kwenye jibu lake.

"Ameanguka?"

"Hapana," alisema wifi.

"Amegongwa na kitu? Kuna mtu alimtikisa kwa hasira, labda analia sana?"

"Hapana. Ninakuwa naye muda wote."

Yule daktari alimtazama wifi, akatazama mikono yake, akarudi kumtazama usoni. Sote tulielewa. Wifi yangu, asiyeweza kumfukuza hata kuku jikoni, akaificha mikono yake chini ya kanga. "Mimi simpigi mwanangu," alisema.

"Sikulaumu, mama. Nauliza kwa sababu mtoto hana homa, na hali yake ni mbaya." Alisema polepole, kwa maneno ya watu. "Kuna mambo mawili yanafanana hapa. Kama ni maambukizi ya utando wa ubongo, natakiwa nimchome sindano ya mgongo sasa hivi, nitoe maji nipime. Lakini kama aligonga kichwa na damu imevuja ndani ya fuvu, ubongo umebanwa, na sindano hiyo hiyo inaweza kumuua. Hapo anahitaji picha ya kichwa na upasuaji leo hii. Mashine ya picha tunayo moja, na foleni imejaa majeruhi wa basi lililopinduka asubuhi. Nikiwa na sababu, ninampitisha mbele ya wote. Nipeni sababu."

Hatukuwa nayo. Mdogo wangu akasema, "Meno, labda?" Nilitamani nimzibe mdomo kwa kiatu. Yule binti akasema atakwenda kuwabembeleza watu wa picha, na wakikataa hana budi kuanza na sindano. Akatuelekeza kwenye kitanda cha kona, tukamlaza Bosi hapo.

Nikaegemea chuma cha ubavuni cha kile kitanda, na nesi akanipigia kelele kutoka upande wa pili wa wodi. "Usiegemee hicho, mama! Kinafyatuka chenyewe." Akaja na bendeji, akakizungushia chuma na mguu wa kitanda, akafunga fundo la nguvu kama anafunga mbuzi. "Vitanda vyote vilivyoletwa mwaka huu viko hivi. Ukikigusa kwa juu, ka, kimeshuka. Tumelalamika mpaka midomo imekauka. Muuzaji anatuambia hatujui kukifunga."

Pale juu ya chuma palikuwa na kibandiko cha bluu chenye namba ya simu. Namba hiyo naijua kwa kichwa. Ndiyo namba ambayo ukoo mzima unapiga mtoto akikohoa.

Nikatoa simu yangu, nikaifungua ile picha ya Jumamosi. Bosi amesimama, amekiegemea chuma kile kile kwa uzito wake wote, chini vigae vinang'aa. Mpiga picha alisimama mbali, ili mtoto na kitanda chote vienee kwenye picha. Nikakumbuka kishindo. Nikakumbuka kimya. Nikamkumbuka na yule paka, na hapo damu ikanipanda mpaka masikioni, kwa sababu nyumba ya kaka yangu haina paka. Haijawahi kuwa na paka. Mke wake akiona unyoya wa paka anavimba macho. Ukoo mzima tunalijua hilo, na ukoo mzima tulisimama pale tukacheka.

Nikamwita yule daktari arudi. Nikapiga ile namba, nikaweka spika.

"Niko njiani na dawa," alisema Daktari wetu. "Wasianze kumchomachoma mtoto hovyo."

"Kaka, yule paka wako ana rangi gani?"

"Paka gani?"

"Aliyemtisha Bosi."

Tukasikia kiashiria cha gari lake kinagonga, ki, ki, ki. "Mtoto anaumwa, wewe unaniuliza rangi ya paka?"

"Ndiyo. Nataka rangi."

"Mweusi. Wa jirani. Sasa hiyo inahusu nini?"

"Na alipitia wapi, na madirisha yako yote yana wavu?"

Kiashiria kikaendelea kugonga.

"Kaka, nimekaa mbele ya kitanda chako. Hapa wamekifunga kwa bendeji kama kichaa. Bosi amelala juu yake na mkono unamruka. Wanataka kumchoma sindano ambayo itamuua kama alianguka. Sasa niambie: alianguka au hakuanguka?"

"Aliteleza kidogo," alisema.

"Aliteleza akafika wapi?"

"Chini."

Wifi alitoa sauti ambayo sijawahi kuisikia ikitoka kwa mtu, akaiziba kwa kiganja chake mwenyewe. Yule binti akanipokonya simu. "Mzee, mimi ni daktari," alisema. "Alilia papo hapo?"

"Alinyamaza kwanza."

"Alizimia?"

"Nikammwagia maji usoni, akaamka. Nikaona yuko sawa. Sikutaka kuwatia watu hofu, watu walikuwa wamekuja kula…"

Hakumsubiri amalize. Alinirudishia simu, akakishika kitanda yeye mwenyewe, nesi akashika upande wa pili, na wakakisukuma mbio kuelekea kwenye picha, wakikipitisha mbele ya watu waliojaa damu na vumbi la ajali. Hakuna hata mmoja wa wale majeruhi aliyelalamika. Mtu mmoja mwenye mkono uliovunjika alirudi nyuma, akatupisha.

Picha ilisema kile alichokihofia yule binti. Damu ilikuwa imejikusanya kati ya fuvu na ubongo, upande wa kulia, ikausukuma ubongo kando. Ndiyo maana mkono wa kushoto ulikuwa unaruka. Mtoto mdogo, yule binti alitueleza, fuvu lake bado halijaunganika vizuri, linaachia kidogo, kwa hiyo damu inaweza kujaa kimyakimya wakati watu wanasema meno. Akaandika yote aliyoelezwa na wifi, hadi ule ushauri wa kumwacha alale, akaweka saini, akampeleka mtoto chumba cha upasuaji.

Tukakaa kwenye benchi. Wifi hakulia. Alikuwa anasuka ncha za kanga, anafumua, anasuka tena.

Na hapo ndipo alipokuja yeye. Koti jeupe, mikono nyuma, mama ubavuni mwake ameshika pochi. Mlinzi wa mlangoni akampigia saluti! Nikasema moyoni, dunia hii ikiisha leo sitaidai kitu. Hakututazama usoni. Akamgeukia mzee mmoja aliyekuwa anamsubiri mgonjwa wake, asiyetujua, akaanza kumweleza: "Ni damu kidogo tu imekaa vibaya. Nilishawaambia wawahi picha." Nawaapia, alisema hivyo. Mama akawa anaitikia, "Enhe, alituambia."

Mlango ukafunguliwa. Daktari wa upasuaji akatoka, mtu mzima, alama ya barakoa imemkata mashavu. Kabla hajauliza wazazi wako wapi, kaka yangu akasogea mbele na kunyoosha mkono. "Mimi ndiye daktari wa familia."

Daktari wa upasuaji akautazama mkono, hakuupokea. "Wewe ndiye uliyesema aachwe alale?"

Kaka yangu akashusha mkono, akautia mfukoni mwa koti. Yule mpasuaji akampita, akachutama mbele ya wifi, akamwambia damu wameitoa, mtoto yu hai, anapumua mwenyewe. Kuhusu ule mkono, alisema, tusubiri. Damu ilikaa muda mrefu. Angeletwa siku ile ile, leo tungekuwa na mazungumzo mengine.

Bosi aliruhusiwa kurudi nyumbani na kovu lililopinda juu ya sikio, na nywele upande mmoja. Anacheka. Anaamrisha. Ila anaamrisha kwa mkono wa kulia tu. Wa kushoto umekaa, vidole vimekunjwa, kama mtoto kaficha kitu kiganjani na hataki kutuonyesha. Wifi anampeleka kwa mtaalamu wa viungo, wanamnyoosha vidole kimoja kimoja. Unaweza kurudi, walimwambia, ukifanyiwa kazi kila siku bila kuchoka, maana ubongo wa mtoto una huruma kuliko wa mtu mzima. Unaweza pia usirudi.

Sasa sikilizeni kioja. Mama akaitisha ukoo nyumbani kwake tumshukuru Mungu. Vizuri. Tukala, tukaomba. Kisha mama akasimama, akajifuta machozi, akasema kuna mtu wa kushukuriwa hapa baada ya Mungu, naye ni Daktari. "Asingesema ukweli kwenye simu," alisema, "leo tungekuwa tunasema mengine."

Na watu wakapiga makofi! Binamu wakapiga, shemeji wakapiga. Mdogo wangu, baba wa mtoto, mikono yake ikaanza kukutana kwa mazoea, halafu akaiona, akaikalia. Mimi je? Nimetukana wateja kwa sababu ya kitambaa cha mkono, lakini siku hiyo sikupata tusi la kutosha.

Daktari akainuka, akainamisha kichwa kama bwana harusi. Alisema alichofanya ni wajibu. Alisema ajali haina kinga. Alisema pia, kama mtaalamu, haoni haja ya kumsumbua mtoto na hayo mazoezi ya kila siku, wanataka tu watu waende na kurudi; mkono utaamka wenyewe, mwacheni apumzike. Nikaona vichwa vinaitikia. Vilikuwa vinaitikia, jamani! Mama akamgeukia wifi na kumwambia, "Umesikia? Daktari kasema apumzike."

"Na zaidi ya hayo," alisema kaka yangu, "nimemletea mwanangu zawadi." Akapiga kofi, na vijana wake wa stoo wakaingiza kitanda.

Kile kile. Hata ile nailoni nusu ilikuwa bado. Wakakiweka katikati ya chumba, kibandiko cha bluu mbele, akainua chuma cha ubavuni, ka! Watu wakasema aah. Akanyoosha mikono yake. "Mleteni Bosi tumjaribishe."

Wifi alikuwa amekaa mkekani, mtoto kifuani. Akainuka. Nilidhani anampeleka, kwa kuwa amempeleka kila mara alipoombwa, nikawa nimeshainuka nusu kumzuia. Hakumpeleka. Alimpa baba yake amshike, akasogea mpaka kwenye kitanda, akapangusa godoro kwa kiganja.

"Shemeji," alisema kwa ile sauti yake ndogo, "panda wewe kwanza."

Watu wakacheka kidogo. Daktari naye akacheka. "Mimi? Hiki cha mtoto."

"Si ulisema mgonjwa hata aote anapigana vita haanguki? Panda. Simama juu, shika chuma kama alivyoshika Bosi kwenye picha. Kisha uegemee."

"Shemeji, acha utani."

"Sitanii. Ukiegemea usianguke, nitamlaza mwanangu hapa leo, na mazoezi nitaacha, kama unavyosema."

Kicheko kikakatika. Mama, ambaye anampenda mwanawe yule kuliko macho yake, akaona ni jambo dogo. "Panda basi, mwanangu, waone," alisema. "Wape funzo."

Kaka yangu akaweka kiganja juu ya chuma. Sote tulikuwa tunakitazama kiganja hicho. Hakukikandamiza. Alikiweka kwa juu juu, kama mtu anayepima kama pasi imepoa, na jicho lake likaenda moja kwa moja pale kwenye komeo, likarudi.

"Mgongo unanisumbua," alisema.

Chumba kizima kilikuwa kimeona lile jicho lilikokwenda. Alijua. Alijua Jumamosi ile alipompandisha mtoto na kurudi nyuma na simu yake, na alijua hospitali walipompigia kulalamika, na alijua sasa hivi alipotaka kumpandisha tena.

"Nikupandishe mimi?" alisema wifi. "Au nikuletee bendeji? Kule wodini watoto wengine wamelala juu ya hivi, na bendeji haiwatoshi."

Akamchukua Bosi mikononi mwa mume wake, akaketi pale pale mkekani, akaanza kumnyoosha vidole vya mkono wa kushoto, kimoja kimoja, kama alivyofundishwa. Bosi akamtazama baba yake mkubwa, akanyoosha kile kidole chake cha kulia kuelekea mlangoni.

Mama alisimama. Alimtazama mwanawe wa kwanza, pochi mkononi. Kisha akamwita, na hakumwita Daktari. Alimwita kwa jina alilompa alipomzaa, jina ambalo hata mimi nilikuwa nimeanza kulisahau.

"Vua hilo koti," alimwambia, "na utoe hicho chuma chako nyumbani kwangu."